Mzee Zima wa Kituo cha Nyota

Mama Pasi ndiye aliyelianzisha. Alikuwa amesimama kwenye meza yake ya kupigia pasi, shati la mtu limelala chali mbele yake, akasema bila kuinua macho kwamba Mzee Zima ana mke mwingine kule mlimani, na mke mwenyewe ameshajifungua.

"Sisemi mimi," akaongeza. "Anasema dereva."

Aliyekuwa akiambiwa hayo ni mkamwana wa huyo Mzee Zima, mke wa mwanawe, aliyekuja kuchukua nguo zake huku mtoto wake wa kike amelala mgongoni. Mama Pasi hakuwa mtu mbaya. Walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, na wakati wa msiba wa mama mkwe yeye ndiye aliyepika mpaka macho yakavimba kwa moshi. Ila alipiga pasi nguo za mtaa mzima, na kila nguo iliingia kwake na habari za mwenyewe mfukoni.

Ushahidi aliutoa taratibu, kama anayekunja kola. Dereva wa gari la kituo, kila anapopeleka mahitaji mlimani, haikosi atabeba sabuni ya mtoto. Ile laini, isiyouma macho. Na pamba, mafurushi kwa mafurushi. Sasa mzee mjane, peke yake juu ya mlima, pamba yote hiyo ya nini? Tena mbona tangu mazishi hajashuka? Mtu akifiwa hukaa na watu wake wakamliwaza. Yeye hata udongo haujakauka, huyo, kapanda zake.

Halafu akapunguza sauti. Akamkumbusha mkamwana kwamba siku mama mkwe alipofariki, mzee alifika nyumbani kwa miguu kabla hakujapambazuka, viatu vimechanika, na hakuna mtu aliyekuwa amempigia simu. Majirani waliamka wakamkuta ameshafika, amempakata mkewe. Nani alimwambia? Mama Pasi alielekeza pasi yake juu, kwenye dari. Nyota. Mtu amekesha nazo miaka yote ile, lazima zimpe umbea.

Mkamwana alicheka kwa adabu, akashukuru, akaondoka na nguo zake. Lakini kufika kwake alikaa kitandani na nguo mapajani, wala hakuzipanga. La nyota alilitupa pale pale. La mke mdogo lilimkwama kooni, kwa sababu lilikuwa jibu rahisi kuliko lile alilokuwa akilificha moyoni siku zote, kwamba baba mkwe haji nyumbani kwa sababu yake yeye.

Nyumba ile haikuwa yake. Alihamia baada ya mazishi, mumewe aliposema si vizuri nyumba ya wazazi ifungwe ikaliwe na mchwa. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa barabara, leo kambi hii kesho ile, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Kwa hiyo yeye na mtoto ndio walioingia katika vyumba vya marehemu. Alitumia sufuria zake. Alilala akitazama alama ya mafuta ya nywele iliyobaki ukutani, pale kichwa cha marehemu kilipokuwa kikiegemea. Alijitahidi asihamishe kitu, na alichokihamisha alijiona kama mwizi.

Jina la Mzee Zima halikuwa la kuzaliwa. Alikuwa mtunza kuba wa kituo cha nyota, ile nyumba nyeupe ya duara iliyo kileleni, ambayo kutoka mtaani huonekana kama yai lililosahauliwa juu ya kabati. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga, kupaka magurudumu ya kuba grisi, kufagia, kupokea wanafunzi wanaoletwa kuona darubini. Miaka ya nyuma mji ulipoanza kujaa taa, wataalamu walilalamika kwamba mwanga unapanda na kuzimeza nyota. Wakamtuma yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa hapa. Akapita nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akiwaomba watu wakishamaliza shughuli za jioni wazime taa za nje. Alikuwa mpole lakini king'ang'anizi. Anakunywa chai yako, anakusifia watoto wako, halafu mlangoni anageuka: "Basi ndugu yangu, usisahau kuzima." Watoto wakampa jina. Mji ukakubali, na mpaka leo saa tatu ikigonga nje kunakuwa giza tii.

Usiku ule mumewe alipiga simu. Mkamwana hakumwambia habari za Mama Pasi, ila mume naye alikuwa na lake. Alisema amechoka kumbembeleza mzee kwenye simu, akiulizwa anashuka lini anajibu habari za mvua. Akamwomba mkewe apande na gari la kituo, amwone uso kwa uso, amuulize neno moja tu: anarudi nyumbani au harudi? Kama ametukataa, atuambie ametukataa.

"Wewe hatakudanganya," mume alisema.

Mkamwana alitaka kusema kwamba huenda ni yeye hasa anayekataliwa. Badala yake akasema atapanda na gari la kesho asubuhi.

Asubuhi alipanda gari, mtoto kifuani, akakaa mbele karibu na dereva. Nyuma kulikuwa na mchele, mitungi ya gesi, madumu ya maji ya betri na boksi moja ambalo halikufungwa vizuri. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Pamba ilikuwa imejitokeza pembeni, na harufu ya ile sabuni aliijua kama anavyoijua shingo ya mwanawe. Dereva alimwona akitazama, akatabasamu, akasema yeye hubeba tu, haulizi. Mkamwana akamjibu kwamba kwa mtu asiyeuliza, habari zake zimefika mbali. Dereva akakohoa, akabadilisha gia.

Barabara ilijikunjakunja mpaka masikio yakaziba. Miti ikafupika, ikawa vichaka, vichaka vikawa nyasi ngumu, halafu mawe. Gari lilipozimwa, kimya kilichokuwepo kilimfanya ajisikie kama ameingia nyumba ya watu bila kubisha.

Mzee alikuwa amesimama nje, koti limefungwa mpaka kidevuni. Alikuwa amekonda. Alimtazama mkamwana, akamtazama mtoto, na kwa muda hakujua aanze na nani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Alisema kwa kunong'ona. Akamchukua mtoto, akamwinua, akamkagua kama anayenunua. "Na huyu mke wangu mdogo ndiye aliyewaleta?"

Mkamwana alishtuka, halafu akaelewa kwamba ni utani wa babu kwa mjukuu. Dereva naye aliyasikia, akawa mwepesi ghafla wa kushusha madumu.

Mzee akawaingiza ndani. Lilikuwa jengo refu lenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na kila dirisha lilikuwa na pazia jeusi zito. Mlangoni palikuwa na kibao: KIMYA, WATU WAMELALA. Mkamwana akaanza kutembea kwa ncha za vidole, akiwa na wasiwasi mtoto asije akalia. Mzee naye alitembea hivyo hivyo mbele yake, na milango aliifunga kwa kuizuia na kiganja ili isigonge. Mtoto hakuwa na habari na vibao. Walipofika katikati ya ukumbi akaachia kilio chenye nguvu zote za mapafu yake, na sauti ikaenda ikarudi.

Mama akamziba kwa titi haraka haraka, akiomba radhi.

"Mwache alie," mzee alisema. "Hakuna aliyelala."

Akasukuma mlango wa chumba kimoja. Godoro lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kamba. Akasukuma cha pili, vilevile. Alieleza kwamba zamani wataalamu walikuwa wakikesha hapa, mchana wanalala, ndiyo maana ya mapazia na kibao. Sasa wamewekewa mitambo, wanaiongoza darubini wakiwa kwao mjini, kwa waya. Wamekaa vitini na vikombe vyao, na huku kuba linajifungua na kujizungusha lenyewe. Usiku yeye hulisikia likinguruma, halafu likatulia, halafu likanguruma tena, kama mtu anayejigeuza kitandani chumba cha pili. Mwanzoni alikuwa akiamka kwenda kuona nani yupo.

"Kunong'ona nimeshindwa kuacha," alisema. "Nikipaza sauti naona kama nitamwamsha mtu."

Chumba cha wanafunzi kilikuwa na viti vidogo, na mipira iliyopakwa rangi ikining'inia kwa nyuzi kutoka kwenye dari. Basi la shule, alisema, linakuja barabara ikiwa kavu. Siku hizo anaongea mpaka sauti inamkauka. Kisha linashuka, naye anaokota kalamu zilizodondoka na kuziweka kwenye kikombe, labda wenyewe watazirudia. Kikombe kilikuwa kimejaa.

Mkamwana aliona hapo ndipo aulize neno lake, lakini mzee aliangalia nje, akasema kuna kazi inayomngoja na haiwezi kungoja sana, kwa kuwa wataalamu walikuwa wameipangia siku hiyo. Kama haogopi baridi, aje aone. Akabeba lile boksi la pamba na sabuni. Mkamwana akamfuata, akitega sikio kama atasikia kichanga, ingawa alijiambia ni upuuzi.

Ndani ya kuba kulikuwa na mwangwi na harufu ya chuma. Darubini ilikuwa imeinamishwa, na chini yake, wazi, kulikuwa na kioo cha duara kikubwa kuliko sinia lolote alilowahi kuliona, kimebonyea katikati kidogo kama kiganja kilichokinga maji. Kilikuwa na vumbi jepesi. Mzee alivua saa na pete, akanawa mikono mpaka viwiko. Kwanza alikimwagia kioo maji ya betri, yale masafi yasiyo na chumvi, kwa kuwa, alisema, maji ya bomba huacha madoa. Halafu akaweka tone la sabuni kwenye maji, akachovya pamba, akailaza juu ya kioo, na kuivuta bila kuikandamiza hata kidogo, uzito wake tu, kutoka katikati kuja pembeni. Pamba moja mkupuo mmoja, kisha anaitupa. Ukiirudia, vumbi lenyewe linakuwa msasa, na mkwaruzo wa leo hauondoki tena. Sabuni kali inakula. Walijaribu nyingi, hii ya watoto ndiyo isiyokiudhi.

Mkamwana alishika bakuli la pamba akimpa moja moja. Alitazama ule mkono mzee, wenye mishipa, ukipita juu ya kioo. Alikuwa akiujua mwendo huo. Ndio yeye mwenyewe huutumia kuoshea utosi wa mwanawe, pale panapopumua. Akacheka mwenyewe, halafu machozi yakamlengalenga, na mzee alipomwuliza kuna nini, akamweleza yote ya Mama Pasi, mke mdogo na uzazi wake.

Mzee alisikiliza hadi mwisho huku mkono ukiendelea. "Mwambie Mama Pasi mama na mtoto wanaendelea vizuri," alisema.

Kioo kilipokauka, akamwambia amsogeze mtoto, asikiguse tu wala asikipumulie. Mtoto akachungulia, na usoni pa kioo likatokea shavu moja kubwa kama mto wa kulalia, na jicho, na fizi zenye meno mawili. Akaona. Akacheka kicheko kile cha tumboni, na kuba zima likacheka naye. Mzee alisimama, pamba mkononi, akisikiliza mpaka mwangwi wa mwisho ukaisha. Baada ya hapo akakishusha kifuniko cha kioo taratibu.

Wakatoka kwenye kibaraza cha chuma kinachozunguka kuba kwa nje. Mji wote ulikuwa chini, mabati yakimetameta. Mkamwana alitafuta nyumba yao, akaanzia msikitini, akapotea, akaanzia sokoni, akapotea tena. Mzee alinyoosha kidole bila kutafuta. Ile pale, mlango wa nyuma unatazama huku.

Na hapo mkamwana akapata ujasiri. Akasema mumewe anauliza kama Baba anarudi nyumbani au ametukataa. Akaongeza la kwake, kwa sauti ndogo. Kama ni kwa sababu yake, yuko tayari kutoka. Kwamba hajaharibu kitu. Sufuria zipo zote. Hata ile sheria ya taa ameishika kuliko mtu yeyote mtaani, asije akamwaibisha baba mkwe. "Taa ya mlango wa nyuma siiwashi kabisa, Baba. Balbu yenyewe nimeitoa, nimeiweka chumbani kwa mtoto."

Alingoja asifiwe, angalau kidogo. Mzee alishika chuma cha kibaraza kwa mikono miwili.

"Kumbe uliitoa," alisema.

Mkamwana akadhani amemkosea. Kisha mzee akaanza kusimulia, akiongea na mabati ya kule chini zaidi kuliko na yeye. Katika mji mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa mkaidi wa kuzima, naye alikuwa mke wake. Watu walimcheka. Mzee Zima, kwako hakuzimwi? Yeye kila jioni alisimama hapa kuhakikisha giza limekamilika, akiona taa zikikatika mtaa baada ya mtaa, hadi ikabaki moja, ya mlango wake mwenyewe. Inakaa. Inakaa. Ndipo inakatika. Mkuu wa kituo wa wakati ule akamwita, akamwuliza ile taa ni ya nani. Akajibu ni yake, swichi ni mbovu, atashuka kuitengeneza. Akashuka, akala, akalala, akapanda. Swichi hakuigusa.

Aliwahi kumwuliza mkewe mbona anachelewa. Mkewe akasema huwa bado anafunga milango. Hawakuliongea tena. Kama alijua kuna mtu huku juu anayengoja, hakusema, naye hakumwambia.

"Usiku ule haikukatika," mzee alisema. "Nilingoja. Nikapiga simu, ikaita tu. Simu yake ilikuwa inasahauliwa chini ya mto kila siku, ningejuaje. Lakini taa ilikuwa inawaka na wote wameshazima. Nikaanza kushuka."

Alimkuta ameanguka jikoni, hajafika kwenye swichi. Alikuwa bado na pumzi. Wakaonana.

Mkamwana alimwangalia mtoto wake, kwa kuwa hakuweza kumwangalia mzee. Alielewa sasa ni nani aliyemwambia usiku ule. Akaelewa na kingine kilichomchoma zaidi. Miezi yote hii mzee alisimama hapa kila jioni, akautazama mji ukizimika, na mahali pa nyumba yake palikuwa peusi tangu mwanzo, kama nyumba isiyo na watu. Na aliyepafanya hivyo, kwa heshima zake zote, ni yeye.

Dereva akapiga honi, akaikata katikati kama aliyekumbuka kile kibao. Alitaka wateremke kungali mwanga. Walishuka ngazi. Mzee alimbeba mjukuu mpaka garini, akamfunika vizuri, akamrudisha kwa mama yake. Mkamwana akapanda, akashusha kioo cha dirisha.

"Nimwambie nini mwanao, Baba?"

Mzee aliweka mkono kwenye mlango wa gari. Alisema amwambie hajamkataa mtu. Ila nyumba ile hawezi kuiingia akaikuta imenyamaza. Anataka aizoee kwanza kwa mbali, na akishaizoea, mguu utajileta wenyewe.

"Sasa nina ombi moja, mwanangu," alisema, na safari hii hakunong'ona, ingawa sauti ilikwaruza kwa kukosa mazoea. "Hiyo balbu irudishe mahali pake. Giza likiingia uiwashe. Halafu ukishamlaza huyu, ukimaliza shughuli zako zote, uje uizime kwa mkono wako. Usiiache ikalala inawaka. Mimi nataka kule kuzimwa. Na siku ukipitiliza saa, usiwe na hofu. Wakiniuliza wataalamu, nitawaambia swichi ni mbovu."